Vua Pete Kabla ya Kupaka

Daktari aliweka karatasi mbili mezani, moja ya Jumatatu iliyopita na moja ya asubuhi hiyo, akazisogeza zikakaa bega kwa bega kama watoto wanaopimwa urefu.

"Soma mwenyewe, mama," alisema.

Mkaguzi alivaa miwani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye mkoba mkubwa kuliko haja. Ofisini kwake, idara ya kukagua dawa na vipodozi, walimwita Mama Vikopo, maana rafu zake zilijaa vikopo vya krimu alivyokamata kwa miaka ishirini, kila kimoja na lebo yake na dhambi zake.

Karatasi ya kwanza: zebaki kwenye mkojo, arobaini na moja. Ya pili: sitini na tatu.

"Imepanda."

"Imepanda, na mtoto yuko wodini kwangu siku ya tisa leo. Hatoki. Hapaki krimu yoyote. Mtu akitenganishwa na sumu, kipimo hushuka. Chake kinapanda." Daktari alishusha sauti. "Maana yake inamfikia humu humu ndani, na sijui inapitia mlango gani."

"Nyumba yangu haina mlango," alisema Mkaguzi, nusu kwa mzaha.

"Yai. Ila hili yai limeshaingiwa." Daktari hakucheka. "Dawa ya kuitoa siwezi kuianza wakati bado inaingia, nitakuwa nakomba maji kwenye mtumbwi huku mwenzangu anatoboa. Figo zinachuja kwa tabu. Ijumaa nikipima haijashuka, namuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Ana miaka kumi na mitano."

"Leo Jumatano."

"Najua leo ni siku gani, mama."

Kitanda cha binti kilikuwa cha mwisho, chini ya dirisha. Uso ulikuwa umemvimba hadi macho yakabaki nyufa mbili. Miguu nayo ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Alikuwa ameugeukia ukuta.

Mama yake alikaa kwenye kiti cha mbao, daftari mapajani. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, na hata pale wodini sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake.

"Kwangu haipiti kemikali, dada," alianza kabla hajaulizwa, akalifungua daftari. "Tazama. Zebaki. Hidrokwinoni. Formalini, hiyo wanaiweka kwenye dawa za kunyoosha nywele. Steroidi. Yote nimeyanakili kutoka kwenye maboksi dukani, mpaka muuza duka akadhani mimi ndiye wewe. Kanuni yangu moja tu: jina nisiloweza kulitamka, linarudi rafuni."

"Na binti mwenyewe anafuata?"

"Atake asitake! Begi la shule nakagua. Mto nanusa. Dawa ya meno naikamua nione rangi. Anaoga sabuni ya kipande, anapaka mafuta ninayopika mwenyewe, nazi na nta ya nyuki, basi. Kichwani hayo, mwilini hayo. Tangu mdogo kila jioni namkalisha chini namkanda mgongo na kichwa. Na sasa anaumwa nampaka mwili mzima, asubuhi na saa saba mchana, labda uvimbe utasikia huruma."

Mkaguzi alivaa glavu, akaanza kazi. Sabuni, mfukoni, lebo, saa. Mswaki. Kitana. Taulo. Foronya. Ndala. Hata kipande cha sabuni ya sinki la wodi alikikwangua akatia unga wake kwenye mfuko. Vyote vilipelekwa kwa mtaalamu wa maabara, ambaye chumba chake kilikuwa ghorofa hiyo hiyo.

Juu ya kabati la kitanda kulikuwa na chupa kubwa ya jamu yenye mafuta mazito meupe. Alifungua, akanusa. Nazi. Mkobani alikuwa na karatasi ya maabara: mafuta ya mama wa mgonjwa, sampuli kutoka ndoo ya jikoni, safi kabisa. Aliirudisha chupa mahali pake.

"Haya nimeshayapima," alisema.

"Nilikwambia," alisema mama, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Alimimina chai, na kifuniko cha chupa ya chai kikagonga kikombe kama meno ya mtu mwenye baridi. Chai ikamwagika kidogo.

"Usingizi," alisema haraka. "Siku tisa kwenye kiti hiki. Juzi nimeshindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, mimi!"

Mkaguzi alitazama ule mkono. Kwenye kidole cha pete kulikuwa na alama, ngozi laini iliyofunikwa miaka mingi.

"Pete umeivua?"

"Usinitoneshe. Miaka kumi na saba nimevaa nikijua ni dhahabu, kumbe sonara alinivisha bati. Imepauka yote! Nimemrudishia juzi, nimemwambia akae na aibu yake."

Mkaguzi alisikia kwa sikio moja. Lingine lilikuwa kwa binti, aliyesema taratibu akiuelekea ukuta:

"Mama, leo usinipake."

"Usipopakwa utapauka uwe kama ubao wa mwalimu. Nyamaza, upumzike."

"Amewahi kupaka kitu cha dukani?" aliuliza Mkaguzi. "Hata mara moja?"

Mama alisita. "Mara moja. Wiki sita zilizopita nilikuta kikopo kwenye begi. Kilitoka kwa yule msusi wa nyuma ya soko. Nilimpelekea mwenyewe, nikamrushia mbele ya wateja wake. Tangu hapo hakuna."

*

Saluni ilikuwa ya tatu kwenye safu ya vibanda vya mabati. Harufu ya dawa ya nywele ilikuchoma macho kabla hujauona mlango.

"Serikali imeingia, dada zangu!" alipiga kelele msusi alipoona kitambulisho. "Mwenye chunusi azifiche."

Wanawake wawili walicheka. Mkaguzi naye alicheka, kisha akainua taulo lililofunika rafu ya chini. Vikopo tisa vya krimu, vyeupe, vifuniko vya waridi.

Msusi aliacha utani.

"Ulimuuzia binti wa fundi cherehani."

"Kimoja. Alinunua Jumamosi. Jumatano mama yake akaja akanirushia kifuani. Watu wananicheka hadi leo, mama."

"Hicho kikopo kiko wapi?"

"Kile pale. Kikopo kizuri hakitupwi." Alimwaga vibanio vya nywele mezani, akamkabidhi.

"Kilirudi na krimu kiasi gani?"

"Krimu gani? Kilirudi kitupu. Nikamuuliza, mama mtu, unanirudishia mali au takataka? Akasema mtoto ameshaimaliza usoni, muuaji mkubwa wewe."

"Kikopo kama hiki mtu hukitumia muda gani?"

"Miezi miwili. Unachota kama punje ya mahindi, basi."

"Yeye siku nne."

"Hata mimi nilishangaa. Nikadhani amepaka na ukuta."

Mkaguzi alikipeleka kikopo mlangoni penye mwanga. Vidole vikichota huacha mawimbi, hata kikopo kikiisha. Humu ndani kulikuwa na mistari iliyonyooka, kutoka juu hadi chini, kuzunguka kote. Kijiko. Mtu alikuwa amekikomba kama anayehamisha mboga kutoka chungu kwenda bakuli.

Akakigeuza. Chini, maandishi madogo kuliko sisimizi. Akatoa kioo cha kukuzia. *Vua pete kabla ya kupaka. Isiguse dhahabu wala fedha.*

"Hii umewahi kuisoma?"

"Mama, ningeweza kusoma punje zile ningekuwa na kazi yako."

Mkaguzi alitia vikopo vyote kwenye mfuko, akafunga lakiri, akamwandikisha msusi jina la aliyemletea, siku na saa. Msusi aliandika pole pole, kama mtoto anayeadhibiwa.

"Sikuwaita mimi," alisema bila kuinua kichwa. "Wanakuja wenyewe wanalia. Huyo wa kwako shuleni wanamwita Changarawe. Wanamwambia gari likimpita usoni litapata pancha. Wewe ungemwambia nini?"

Mkaguzi alikuwa anatazama upande wa pili wa njia, kwenye kibanda chenye mizani ndogo dirishani. Lile sikio moja la asubuhi lilikuwa limeamka.

*

Sonara alikuwa mzee mwenye vidole vyembamba. Aliposikia habari ya pete alitikisa kichwa, akatoa chupa ndogo iliyofungwa kwa kifuniko cha kusokota. Pete ilikuwa ndani, peke yake.

"Nimeitenga kama mgonjwa wa kuambukiza."

Ilikuwa nyeupe, yenye mng'ao wa maji.

"Anasema umemuuzia bati."

"Bibie, dhahabu naijua tangu sijaota ndevu. Nimeikwangua kwa ndani, tazama hapo. Njano. Huo weupe umepanda juu tu. Ni zebaki. Ikigusa dhahabu inaing'ang'ania kama kupe."

"Si ungeipasha moto ikarudi rangi yake?"

"Ingerudi. Moshi wake ungeniondoa mimi." Aliirudisha chupa rafuni kwa uangalifu. "Nilimuuliza yule mama, mwanangu, mikono yako inashika nini? Akaniambia, nashika sindano na mtoto wangu. Akaondoka analia."

Mkaguzi alisimama nje ya kibanda, mkoba begani, akipanga mambo kama anayepanga vikopo. Krimu haikuisha, ilihamishwa. Na mikono inayoishika ni ya mama.

Ya mama.

Hilo hakulipenda. Ila kwenye rafu zake kulikuwa na kikopo kimoja, cha mwaka wa tatu wa kazi, ambacho mama mzazi alimpaka mwanawe kwa siri ili apendeze mbele za watu. Yule mama naye alikuwa na maneno mengi ya usafi. Na nani alisema kwamba kikopo kilikuwa kitupu alipokikuta? Yeye mwenyewe, na hapakuwa na mwingine.

Alitoa karatasi ya maabara akaisoma upya. *Sampuli: ndoo ya jikoni.*

"Nimepima kisima," alisema kwa sauti, na mpita njia akageuka kumtazama, "nikasahau kata ya kuchotea."

Saa yake ilisema saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Mama alipaka saa saba.

Alipiga simu wodini. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena huku anatembea, kisha huku anakimbia, kadiri miaka hamsini na minane na mkoba vinavyoweza kukimbia. Langoni mlinzi alimtaka aandike jina. Aliandika herufi moja tu, akapita. Lifti ilikuwa na watu na kitanda. Alipanda ngazi, ghorofa tatu, mkono ukivuta chuma cha ukingo, kifua kikipiga.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Chupa ya jamu ilikuwa wazi pia. Mama ameinamia kitanda, vidole viwili ndani ya mafuta hadi kiungo cha pili, na mkono wa pili unafungua shuka miguuni.

"Usimguse!"

Wodi nzima iligeuka.

"Nisimguse mwanangu?"

"Inua mkono. Usijifute. Kaa hivyo hivyo."

Mkaguzi alivaa glavu, akachota mafuta ya chupa kwa kijiti, akayatia kwenye kichupa cha dawa, akachovya karatasi ya kupimia. Karatasi ilianza ya njano. Ikawa kahawia. Kabla hajahesabu kumi, ikawa nyeusi.

"Umesema umeyapima!" Sauti ya mama ilipanda. "Umeniambia ni safi, hapa hapa!"

"Nilipima ya ndoo. Hii chupa sikuipima. Kosa ni langu."

"Basi nani… nimeyapika mimi, nimeyajaza mimi, nimeyaleta mimi…" Aliona jinsi wodi inavyomtazama. Kwenye kitanda cha jirani mwanamke mmoja alinong'ona, "Mzazi kabisa, jamani," na neno hilo likatembea kitanda hadi kitanda.

"Mnanitazama mimi?" aliuliza mama. Mkono wake wenye mafuta ulikuwa hewani, unatetemeka.

Daktari aliingia mbio, akaona karatasi nyeusi, akamwona mama. "Muuguzi, mpeleke huyu mama akapimwe mkojo naye. Sasa hivi." Akaichukua ile chupa kwa glavu na kuiweka mwisho wa meza, mbali na kitanda. "Na mimi nakwenda kuleta dawa. Ikiwa mlango ndio huo, nianze kukomba maji."

Mama alitolewa huku anageuka nyuma. Mkaguzi alivuta kiti cha mbao, akakaa. Binti hakuugeuza uso.

Mama yule, aliwaza Mkaguzi, amesema "nimeyaleta mimi" mbele ya watu thelathini. Mwenye kuficha hasemi hivyo.

"Mjukuu wangu," alisema. "Kitendawili."

Kwa mbali bomba lilidondosha tone, na lingine.

"…Tega," ilisema sauti ya ukutani.

"Askari amekagua nyumba nzima, mwizi hakuonekana."

Vidole vya binti vilikunja ukingo wa shuka.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Sikupi mji." Aligeuka pole pole. Machozi yalikuwa yanatafuta njia kwenye zile nyufa mbili. "Mwizi alikuwa mfukoni mwa askari."

Mkaguzi hakusogea, wala hakutoa daftari.

"Anakagua begi," alisema binti. "Anakagua mto. Ananusa mpaka madaftari. Kitu asichokagua ni kile alichopika mwenyewe. Nikakoroga kwenye chupa yangu ya jamu kwa kijiko, nyeupe kwa nyeupe, harufu ya nazi ikafunika. Nikajua kila jioni atanipaka bila mimi kuomba."

"Kikopo kimoja kisingetosha kufanya haya."

"Vinne. Vitatu niliwatuma wenzangu. Kile alichokikuta ndicho nilichosahau kutupa."

"Ulitaka nini, mwanangu?"

"Uso tu." Aligusa shavu lililovimba. "Nilitaka niingie darasani mtu asicheke. Siku moja tu."

"Na ulipolazwa?"

"Nilidhani ni figo zimeugua zenyewe. Daktari aliposema zebaki ndipo nikajua. Lakini mama alikuwa ameshaitangazia wodi nzima kwamba mafuta yake ndiyo yataniponya. Nilimwambia asinipake. Akasema nitapauka."

"Ungemwambia sababu."

"Ningemwambiaje? Kwamba ananiua kwa mkono wake?" Alijifuta machozi kwa shuka. "Bibi, mkono wake unavyotetemeka… ni mimi?"

Mkaguzi alikuwa na jibu laini na jibu la kweli. "Ni krimu. Iliyopitia kwako. Lakini kwake bado mapema, na kwako tumeuona mlango. Ijumaa ndiyo itasema."

Binti hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anatazama nyuma yake.

Mama alisimama kati ya vitanda, muuguzi nyuma yake na kikopo cha mkojo mkononi. Haikujulikana amesimama tangu lini. Mikono yake ilikuwa mbele, vidole vimetanuliwa, kama mtu aliyekuwa anakanda unga akaitwa ghafla.

Hakugomba. Aliitazama chupa, akamtazama mtoto, akaitazama mikono. Kisha alikwenda kwenye sinki la wodi, akafungua bomba kwa kiwiko.

"Hii sabuni," aliuliza bila kugeuka, "umeipima?"

"Nimeipima, dada."

"Yenyewe? Si nyingine kama hiyo?"

Mkaguzi alistahili swali hilo. "Yenyewe. Hicho hicho kipande. Majibu ninayo kwenye simu."

Mama aliosha. Aliosha kati ya vidole, chini ya kucha, viganja, viwiko. Akasuuza, akaanza upya. Mara ya tatu muuguzi alisema inatosha. Akaosha mara ya nne na ya tano. Alikuja hadi kitandani, akasimama hatua moja kutoka kwa mtoto, mikono ikidondosha maji sakafuni, hajui aiweke wapi.

Binti aliinua mkono wake uliovimba. "Mama, imetakata."

"Bado," alisema mama, akarudi bombani.

Daktari alipita na sindano ya dawa. Mkaguzi alifunga chupa ya jamu kwenye mfuko wake wa mwisho, akaandika siku na saa. Kwenye nafasi ya *ilipopatikana* kalamu ilisimama kidogo, kisha akaandika: *mikononi mwa mama, ambaye hakujua.* Maji yaliendelea kutiririka.

"Kitendawili," alisema binti, kwa ile sauti ndogo, akiuelekea mgongo wa mama yake.

Mama alifunga bomba ili asikie vizuri.

"Tega."